Wachangiaji wa programu huria wanapewaje ruhusa ya kuingiza kodi (code, maandishi ya programu) wenyewe?

Chumbageni_Koda: Wadau habari za jioni, niko Tanga hapa, kuna projekti ya programu huria nachangia mwaka sasa, pachi zangu (marekebisho ya kodi ninayotuma) zinapita kila mara ila bado lazima mwingine aziingize yeye. Je naomba ruhusa au nasubiri niitwe?

MzeeWaSeva: Mdogo wangu, inategemea projekti. Kwenye Apache (shirika la programu huria) huombi, kamati ya mradi inakujadili faraghani inapiga kura, ukipita ndo unatumiwa mwaliko na kusaini fomu ya haki za kodi. Python (lugha ya kuandikia programu) wale watengenezaji wakuu wenyewe wanapiga kura, inatakiwa theluthi mbili. FreeBSD (mfumo endeshi wa kompyuta) ukishapewa unawekewa mlezi kwanza, huingizi kitu mpaka akukubalie. Na usidhani wanahesabu pachi tu, wanaangalia unavyojibu watu, unakagua kazi za wenzio, na ukikosea unarekebisha mwenyewe bila kusukumwa

Raskazone_01: ila kwa nini wawe wagumu hivyo jamani, mtu si ameshaonesha kazi

MzeeWaSeva: Kumbuka xz, ile programu huria ya kubana mafaili, mwaka 2024. Mtu alichangia vizuri zaidi ya miaka miwili, ndani ya muda huo mwenye mradi amechoka yuko peke yake akampa funguo, kisha mtu huyo akaja kuficha mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia kompyuta) ndani. Mi hilo liliniuma kweli, yule mzee wa mradi alikuwa anajitolea bure.

Chumbageni_Koda: Shukrani kaka, basi leo naanza kukagua pachi za wengine