Tupeane uzoefu: programu gani ya bure imewahi kuokoa kompyuta yako huku kusini?

MamaStesheneri (Masasi)
Habari zenu wanakusini, wakubwa shikamooni. Nina stesheneri hapa Masasi, natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, najazia watu fomu za mtandaoni. Msimu wa korosho ukianza mwezi wa kumi ndo hela ya mwaka mzima ipo pale, watu wamepanga mstari tangu saa moja asubuhi, huyu kopi ya kitambulisho, huyu kopi ya kitabu cha benki, na mashine ikikwama wanahamia duka la pili hawarudi tena.

Sasa desktopu yangu mwaka huu imefomatiwa mara tatu. Ikianza kuwa nzito naibeba kwa fundi, anapiga Windows upya, elfu thelathini, miezi miwili haijaisha imerudi palepale. Safari ya mwisho imerudi na aktiveta, ile programu ya kuilazimisha Windows isiyolipiwa ikubali, na vidude vingine sivijui, nikifungua brauza zinajifungua zenyewe kurasa za kamari, mteja mtu mzima amekaa hapo pembeni nataka kuzama chini.

Nasikia kuna programu nzuri za bure kabisa. Naomba asiniletee mtu orodha, nataka aseme mimi nilikuwa na shida hii nikatumia kitu hiki ikawa hivi. Hata kama ilishindikana semeni.

FundiChikongola (Mtwara mjini)
Dada pole sana. Mimi ni fundi hapa mjini mwaka wa kumi na moja sasa na nitasema kitu ambacho wenzangu wengine hawatakipenda, kufomati ni hela ya haraka kwa fundi lakini mara nyingi siyo dawa. Mashine ikirudi nzito ndani ya wiki chache baada ya Windows mpya, kitu cha kwanza kushuku ni diski yenyewe kuchoka. Huku kwetu upepo wa bahari una chumvi, skrubu za kesi zinaingia kutu unaziona kwa macho, huko kwenu na Newala ni vumbi jekundu, halafu umeme unakatika unarudi kwa kishindo na wengi hatuna UPS, lile betri la kushikilia mashine umeme ukikatika. Diski ya kuzunguka haivumilii maisha hayo.

Pakua CrystalDiskInfo, ni ya bure, imetengenezwa Japani, ifungue tu itasoma ripoti ambayo diski inajiandikia yenyewe. Rangi ya bluu ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Usiishie kwenye rangi, tazama mstari wa 05 na mstari wa C5. 05 ni vipande vya diski vilivyokufa vikahamishiwa akiba, C5 ni vipande vinavyosuasua, diski haijui kama itavisoma au la. Vyote vikiwa sifuri mshukuru Mungu. Niletee namba utakazoziona.

Mimi kutoitumia hii programu kulinifundisha adabu. Zamani aliniletea laptopu mwalimu mmoja, nikapiga Windows bila kutazama chochote, siku ya nne diski ikafa jumla na matokeo ya wanafunzi wake ya miaka miwili yakaenda nayo. Alinitazama tu hakusema neno. Tangu siku hiyo haifunguliwi mashine ya mtu mezani kwangu kabla sijasoma 05 na C5.

TichaNewala
Umenigusa fundi, maana mimi ni mwalimu. Yangu ni ya flashi. Nilitunga mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, nikaubeba kwenye flashi nikachapishe mjini, kufika pale kuchomeka kwenye kompyuta ya duka na kurudi nyumbani nakuta folda zote zimegeuka shotikati za KB moja moja, nikibofya haifunguki kitu. Kijana wa pale akaniambia ticha hapo fomati tu. Nikakataa, namshukuru Mungu nilikataa.

Mafaili yalikuwemo yote ila kirusi kiliyaficha. Usibofye zile shotikati hata moja, ukibofya ndo unakiamsha. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, ifungue, halafu andika hivi, ila badala ya F weka herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Ngoja dakika mbili tatu. Folda zangu zilirudi, na ikatokea folda moja haina jina, ndani yake ndo mtihani wangu wote. Nilihamishia kwenye laptopu, nikapitisha Defender, kinga ya virusi ile inayokuja na Windows, nikafuta shotikati zote. Haijanigharimu hata mia na hakuna kitu nilichopakua. Siku hizi naenda kuchapisha na flashi yenye faili moja la PDF, basi, za kazi zinabaki nyumbani.

KijanaMitwero (Lindi)
Mimi nasoma chuo na intaneti yangu ni hotspoti ya simu, kwa hiyo uzoefu wangu ni wa bando. Nilijiunga GB moja usiku ili nitafute matirio ya asaimenti, nimekaa nusu saa meseji inaingia umetumia asilimia mia, na nilikuwa nimefungua kurasa nne tu. Windows ilikuwa inajisasisha kimyakimya. Nenda settings, mtandao, bonyeza jina la hotspoti yako kisha washa palipoandikwa Metered connection, hapo Windows inajua hii intaneti ni ya kupima, inapunguza kushusha mizigo mikubwa kwa nyuma. Ukipata waifai ya bure ya chuo unaiachia isasishe, usizime masasisho moja kwa moja, hapo utakaribisha virusi.

Cha pili ni Firefox na kiongezi kinaitwa uBlock Origin. Hiki kinazuia matangazo yasishuke kabisa, na matangazo ya video ndo yanayokula bando kuliko hata habari unayoisoma. Mama wa Masasi zile kurasa za kamari nyingine zinatoka humohumo. Ila soma jina vizuri, ni uBlock Origin, mtengenezaji wake ni Raymond Hill, kuna tovuti inaitwa uBlock tupu siyo hiyo. Na kwenye Chrome ile ya zamani haikubaliki tena baada ya Google kubadilisha kanuni za viongezi, huko ipo inayoitwa uBlock Origin Lite, inasaidia ila nguvu yake ni ndogo kuliko ya Firefox.

Faida nyingine ambayo sikuitegemea, vile vitufe vikubwa vya kijani vya kupakua vya uongo vinapotea. Mimi kabla ya hapo nilishapakua mara mbili kitu nisichokitaka, unabofya unajua ni programu kumbe tangazo.

MtembezaWageni (Kilwa Masoko)
Nyie mnaongelea bando kuisha, mimi naongelea intaneti kutokuwepo kabisa. Mnaukumbuka ule mwezi wa tano 2024, kimbunga Hidaya kimetupiga mwanzoni mwa mwezi barabara ya kwenda Dar ikakatika huku kwetu Kilwa, haijapita wiki mbili tarehe 12 kebo za chini ya bahari zikakatika kule upande wa Afrika Kusini, intaneti nchi nzima ikawa ya kusuasua. Mimi natembeza wageni Kilwa Kisiwani, mgeni anauliza mwaka wa kitu fulani nimezoea kuchungulia simu, siku zile simu ni tochi tu.

Rafiki yangu akanionyesha Kiwix. Ni ya bure, unashusha Wikipedia nzima ya lugha unayotaka unaihifadhi, baada ya hapo unasoma bila intaneti hata baharini. Ya Kiswahili ni nyepesi kabisa ukilinganisha na ya Kiingereza yenye picha, ile inataka eksteno, diski ya nje ya kuchomeka. Ninayo ya Kiswahili kwenye simu, na kwenye laptopu ya nyumbani watoto wanaisomea, wanatafuta wenyewe habari za mito na wanyama, bando halihusiki. Hii ningetamani kila shule ya huku iwe nayo kwenye kompyuta hata moja, nasema kwa moyo kabisa, kuna shule zina kompyuta zimefunikwa vitambaa kwa sababu eti hakuna intaneti.

Nangurukuru88
MamaStesheneri mambo yote hayo ya nini, weka CCleaner safisha rejista, pale Windows inapotunza mipangilio yake, kila Jumamosi kompyuta itapaa.

FundiChikongola (Mtwara mjini)
Mkuu hapo kwenye rejista naomba tusimdanganye dada. Kusafisha rejista hakuongezi kasi unayoweza kuiona, na siku ikifuta kitu kinachotumika, printa yake itakataa asubuhi ya mnada wa korosho. Na kumbuka 2017 wahalifu waliwahi kupenyeza programu chafu ndani ya toleo 5.33 la hiyo CCleaner, likasambaa kupitia tovuti halali kwa watu zaidi ya milioni mbili. Ilisafishwa na maisha yakaendelea, ila mimi nilihamia BleachBit, ni ya bure na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi mtu yeyote anayejua anaweza kuukagua. Nayo usiweke tiki kila mahali. Ukiweka kwenye nywila za brauza unafuta nywila zako zote, ukiweka kwenye kusafisha nafasi tupu ya diski utasubiri mpaka jioni. Mimi natiki mafaili ya muda, pipa la taka na kashe ya brauza, yaani nakala za kurasa ulizowahi kufungua, inatosha.

Zile kurasa za kamari pitisha AdwCleaner ya Malwarebytes, ya bure pia, haihitaji hata kusimikwa. Na aktiveta hiyo itoe. Zile karibu zote zinakuambia zima Defender kwanza, sasa mtu anayekuambia mfukuze mlinzi kabla hajaingia, unadhani anakuja kufanya nini?

PichaNachingwea
Nisimulie yangu japo ni ya kadi ya kamera. Nilipiga harusi, picha kama mia sita, usiku nimechoka nikaiweka kadi kwenye laptopu ikaniuliza unataka kuifomati nikabonyeza ndiyo nikidhani ni kadi nyingine. Nilikaa kitandani natetemeka. Bwana harusi keshalipa nusu, na mama yake mzazi alitolewa hospitali siku mbili kabla ili awepo pale.

Kitu kilichoniokoa ni kimoja, niliitoa kadi palepale na sikupiga picha nyingine wala kuhifadhi kitu. Picha zikifutwa zinakuwa bado zipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Nikatumia PhotoRec, ya bure, inakuja pamoja na TestDisk, ni kazi ya Mfaransa Christophe Grenier. Haina sura nzuri, ni dirisha jeusi na maandishi, unatembea kwa mishale ya kibodi. Unachagua kadi, unaiambia mafaili iyaweke wapi, na hapo ndo pa kuwa makini, usiyarudishe kwenye kadi hiyohiyo, yaweke kwenye diski ya laptopu.

Iliniletea folda zinaitwa recup_dir.1, recup_dir.2, picha hazina majina yake ya zamani, ni herufi f na namba ndefu, zimechanganyika na za harusi ya mwezi uliopita. Nilikaa mpaka alfajiri nazichambua moja moja. Nilipofika ile ya mama amekaa kwenye kiti cha plastiki kamshika mwanaye mkono nikatoka nje nikapumua. Zilizokosekana ni chache sana, hakuna aliyegundua.

MamaStesheneri (Masasi)
Jamani nimerudi. Nimefanya kama fundi alivyosema, CrystalDiskInfo imenipa njano. 05 naona namba, na C5 imeandika 1A8. Hiyo ni nini, mbona ina herufi?

FundiChikongola (Mtwara mjini)
Dada hiyo inahesabu kwa mtindo wa kompyuta, 1A8 kwa hesabu yetu ni 424. Vipande 424 vinasuasua. Acha kila kitu, usifomati, usipitishe programu ya kusaka virusi, usisafishe chochote. Nakili kazi zako kwenye eksteno leo hii, anza na zile ambazo huwezi kuzipata tena. Faili likigoma liruke nenda mbele, usiling'ang'anie, utaimaliza diski.

TichaNewala
Mungu akusimamie dada. Tupe mrejesho.

MamaStesheneri (Masasi)
Mrejesho. Nilikaa nayo kuanzia saa moja usiku mpaka saa saba. Inanakili, inasimama, nasikia tik, tik, tik ndani ya kesi, halafu inaendelea. Nilianza na barua za wateja, nikaja picha za pasipoti, mwisho fomu. Mafaili 31 yalikataa, mengi ni wasifu wa watu wa kuombea kazi, hayo nitayachapa upya kwa nakala za karatasi nilizonazo. Mengine yote yako kwenye eksteno.

Keshokutwa yake nikaagiza SSD, diski isiyozunguka, ya GB 256 kutoka Dar ikaja na basi, Windows amenipigia kijana wa hapa mbele ya macho yangu, nikamwambia aktiveta sitaki, masuala ya kuandika naweka LibreOffice. Baada ya hapo nikaweka 7-Zip ya kufungulia mafaili yaliyobanwa, Firefox na uBlock Origin, basi. Zamani nikiiwasha nilikuwa nafagia duka zima ndo inakuwa tayari, sasa hivi sijamaliza hata kufungua dirisha la pili.

Nimeandika kwa kalamu nene kwenye karatasi nikabandika ukutani tovuti zenyewe, 7-zip.org yenye kistari, bleachbit.org, crystalmark.info, kiwix.org, ili kijana wangu asiende kubofya vile vitufe vya kijani. Jirani yangu wa miamala ya simu kaiona karatasi kaniletea laptopu yake niikague. 05 sifuri, C5 sifuri, bluu. Nimemwambia anakili mafaili yake hivyohivyo diski ikiwa bado nzima, eksteno yangu namwazimia kesho jioni nikifunga.