Tupeane uzoefu: umegongwa na chombo kisicho na bima, fidia uliipataje?

Mwana wa Ujiji

Mwakeye ndugu zangu wa Kigoma, na wa Tabora mwangaluka.

Mdogo wangu anaendesha bajaji hapa Mwanga. Amegongwa na Noah ya abiria wa Mwandiga, mguu umevunjika na bajaji imekunjika mbele yote. Trafiki walipoingiza namba ya Noah kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, bima ilikuwa imeisha zamani. Bajaji yetu ina bima ndogo, na bima ndogo inamlipa yule unayemgonga wewe. Yeye mwenyewe haimpi kitu. Dereva wa Noah anasema hana mbele wala nyuma, na mwenye gari hapokei simu.

Kijiweni wananiambia bila bima hakuna fidia, tumwachie Mungu. Sikubali. Mtu akwepe kulipia bima, halafu aliyevunjwa mguu ndiye aambiwe asahau? Waliolipwa naomba mtueleze mlipita wapi, na waliokwama mseme mlikwamia wapi.

Fundi Bodi wa Isevya

Pole sana kwa mgonjwa. Kabla ya yote, hiyo Noah iko wapi sasa? Kama bado iko kituoni, hapo ndipo mna nguvu.

Kwangu ilikuwa Canter. Ilitugonga kwa nyuma hapa Tabora mjini, nikiwa na gari la mteja, IST, nililotoka kulinyoosha. Haikuwa na bima. Mwenye Canter alikuwa ametoweka, ila alipoona gari lake limelala kituoni na mzigo wa watu uko juu, alikuja mwenyewe. Polisi hawana kazi ya kukudai pesa kwa niaba yako, wakimaliza ukaguzi na upelelezi wao gari linaachiwa. Huo muda wa katikati ndio wa kumkalisha mwenye mali.

Tulikwenda kwa wakili, tukaandikiana: kiasi, tarehe za kulipa, namba ya gari, na yeye kukiri kwamba ni lake. Mashahidi wakasaini pande zote mbili. Akalipa nusu palepale. Nusu ya pili akaanza chenga, nikaenda Mahakama ya Mwanzo na ule mkataba. Maana mkishaandikiana linakuwa deni la mkataba, na Mahakama ya Mwanzo inapokea madai ya mkataba yasiyozidi milioni 30. Huhitaji wakili kule, unajieleza mwenyewe. Alilipa kabla shauri halijasikilizwa.

Angalizo moja: msisaini karatasi yoyote yenye maneno "nimesamehe" au "sina madai" kabla pesa haijaingia mkononi. Zile karatasi huletwa na watu wapole sana.

Mama Migebuka, Kasulu

Mwanangu, wanaosema bila bima hakuna fidia wanakupotosha. Bima ni mtu wa kulipa kwa niaba ya aliyekosa. Asipokuwepo, mkosaji anabaki na deni lake lote, yeye na aliyemtuma barabarani. Ugumu uko kwenye kulipata, na ugumu huo naujua.

Nilikuwa natoka Kigoma na mzigo wangu wa dagaa na migebuka, Fuso ikatusukuma nje ya barabara. Nilivunjika mkono na mzigo ukamwagika wote. Fuso haikuwa na bima. Kesi ya trafiki ikaenda mahakamani, dereva akakiri kosa na kutozwa faini. Ndugu zangu wakanipongeza, wakidhani faini ile ni yangu. Faini inakwenda serikalini. Hakimu anaweza kuamuru mkosaji akulipe fidia katika kesi hiyohiyo ya jinai, lakini mwendesha mashtaka asipoliomba linapita kimya. Kwa hiyo mdogo wako aende kwa mwendesha mashtaka mapema na makaratasi yake ya hospitali, aombe lisemwe mbele ya hakimu.

Kwangu halikusemwa, nikafungua madai Mahakama ya Wilaya. Ile kesi ya jinai ilinisaidia sana: nilichukua nakala ya hukumu, na muda wa rufaa ukishapita hukumu ile ni ushahidi wa mwisho kwamba dereva alikosa. Sikuhitaji kuanza upya kubishana nani alikuwa upande wake.

Dereva peke yake angenipa nini? Analala nyumba ya kupanga. Wakili wangu akamjumuisha mwenye gari, kwa sababu dereva alikuwa kazini kwake, na mwajiri anabeba makosa ya mtumishi wake akiwa kazini. Tukaomba TRA taarifa za usajili, jina likatoka. Yule bwana akaja na hoja yake: gari niliuza, sema tu kadi haijabadilishwa jina. Hapa ndipo kesi nyingi hufia, maana nusu ya magari yanayotembea huku kwetu yana kadi za watu wengine. Sheria inasema aliyeandikwa kwenye usajili anachukuliwa kuwa ndiye mmiliki mpaka athibitishe vinginevyo. Akatakiwa alete mkataba wa mauzo. Hakuwa nao.

Sasa risiti. Mahakama inagawa madai mafungu mawili. Fungu la kwanza ni hasara unayoweza kuihesabu: matibabu, nauli, mzigo, matengenezo. Hiyo unaitaja kiasi kwa kiasi na kuithibitisha, kisicho na karatasi kinakatwa. Mzigo wangu nilinunua mwaloni Kibirizi kwa mkono, bila risiti, na sehemu kubwa ya pesa ile sikurudishiwa. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu kila mtu anayefanya biashara ya samaki anajua mwaloni hakuna anayekuandikia risiti. Fungu la pili ni fidia ya jumla, kwa maumivu na ulemavu. Hiyo anaikadiria hakimu mwenyewe, na ripoti ya daktari inayosema mkono umepungukiwa uwezo kiasi gani ndiyo inayomwongoza.

Hukumu ilipotoka nikadhani nimemaliza, kumbe kuna kukazia hukumu, yaani kuomba mahakama imlazimishe mdaiwa kulipa. Mwenye gari hakulipa mpaka nilipoomba mahakama ikamate mali, dalali wa mahakama akaifuata Fuso yenyewe. Ilipofungwa minyororo, pesa ikapatikana. Kama mna wasiwasi mwenye Noah ataiuza au ataihamisha kesi ikiendelea, mwombeni wakili apeleke maombi ya kuizuia kabla ya hukumu. Lipo hilo kisheria, ila lazima muonyeshe dalili kwamba anataka kuitorosha mali. Kifungo cha madai sikushauri, chakula cha mdaiwa gerezani unalipia wewe mdai.

Mnyamwezi wa Sikonge

Shikamoo mama, umefundisha. Niongeze la muda. Baba yetu aligongwa na pikipiki isiyo na bima. Wazee wa upande wa dereva wakaja nyumbani na ahadi, wakalipia dawa za mwanzo, wakaomba tuvumilie mpaka mauzo ya tumbaku. Msimu ukapita, ukaja mwingine. Baba ni muungwana, hakutaka kuwaaibisha watu waliokuja na heshima. Tulipokwenda kwa msaidizi wa kisheria akatuambia madai ya ajali yana miaka 3 tu tangu siku ya tukio, na ilikuwa imepita. Laiti wale wazee wangeandika ahadi yao kwenye karatasi, mkataba una miaka 6. Wale watu hawakuwa wabaya, lakini mguu wa baba haukunyooka mpaka leo na hakuna wa kumdai.

Dereva Nguruka

Mimi stika ilikuwepo kwenye kioo cha aliyenigonga, inang'aa kabisa. Kampuni iliyotajwa ikasema haimjui. Aliuziwa na kishoka. Tangu hapo nikigongwa hata kidogo, naingia mwenyewe kwenye tovuti ya TIRA, naandika namba ya gari, inaonyesha kama bima iko hai na ni ya kampuni gani. Napiga picha jibu lile palepale pamoja na namba ya gari na leseni ya dereva. Bima ndogo ya gari dogo la binafsi ilikuwa 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Kuna mtu anaona hiyo ni nyingi kuliko mguu wa mwenzake.

Manyovu Mpakani

Kwa wanaogongwa na gari la Burundi au Kongo, msikimbilie kusema halina bima kwa sababu halionekani TIRA. Ulizieni kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya magari yanayovuka mipaka. Gari likiwa nayo, madai yanapitia Shirika la Bima la Taifa, NIC, ambalo ndilo linaloishughulikia kadi hiyo kwa upande wa Tanzania. Chukueni namba ya kadi kabla gari halijavuka kurudi kwao.

Karani Kaliua

Aliyegongwa akiwa kazini na ameajiriwa, kuna WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Hawaulizi aliyekugonga ana bima au hana, wanaangalia ulikuwa unatekeleza kazi ya mwajiri wako. Mwenzetu alipata ajali akipeleka nyaraka kwa chama cha msingi, gharama za matibabu na malipo ya siku alizolala zikatoka huko. Mwajiri aambiwe mapema ili naye atoe taarifa.

Na mwenye bima kubwa, ile inayolipa hata chombo chako mwenyewe, asihangaike na dereva, aende kampuni yake. Ikishamlipa, yenyewe ndiyo inamgeukia aliyekosa.

Mwana wa Ujiji

Mungu awabariki. Fundi, nimeulizia, Noah bado iko kituoni. Mama yangu wa Kasulu, hapo kwenye risiti ndipo naogopa. Bajaji si ya mdogo wangu, ni ya mwalimu mmoja, mdogo wangu anampelekea hesabu kila jioni na kinachobaki ndicho anachokula. Hiyo hasara ya kukaa ndani tutaithibitishaje?

Mama Migebuka, Kasulu

Hapo kuna madai mawili, mwanangu. Mwalimu anadai bajaji yake na hesabu aliyokosa, mdogo wako anadai mguu wake na kipato chake. Wanaweza kwenda pamoja kwenye shauri moja. Kama mwalimu ana mkataba wa hesabu au daftari, huo ni ushahidi. Kama hesabu ilitumwa kwa simu, mchapishiwe taarifa ya miamala. Mwenyekiti wa kijiwe chao anaweza kuja kusema bajaji ya njia ile huingiza kiasi gani kwa siku. Fundi aandike makadirio ya matengenezo kwa jina la mwalimu, ila mkishatengeneza mtunze risiti zenyewe. Na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iwe na nakala nyumbani.

Fundi Bodi wa Isevya

Bajaji isiguswe kwanza mpaka mkaguzi wa magari wa polisi aione na muwe na picha za pande zote. Nimeona watu wananyoosha haraka ili warudi barabarani, kisha mwenye gari anasema uharibifu ulikuwepo. Kesho asubuhi mwalimu aende kituoni na kadi ya bajaji, aombe jina na simu ya mwenye Noah kutoka kwenye jalada. Akiwepo wakili, wakae na mwenye Noah siku hiyohiyo.

Mwana wa Ujiji

Nimempigia mwalimu, tunakwenda saa mbili. Nitaleta mrejesho.