Kelele za meli zinawaathirije orka wa Vancouver?

Mtoto wa Bahari: Wadau habari zenu, naishi Vancouver huku Kanada, nasikia orka wa hapa wamebaki kama 70 na kitu tu na kelele za meli zinatajwa. Sasa kelele inamuuaje samaki mkubwa vile?

Fundi Injini: Mkuu kwanza orka sio samaki, ni mnyama anayenyonyesha, jamii ya pomboo. Kelele haiwaui moja kwa moja, inawanyima chakula. Hawa wanategemea sana samaki anaitwa samoni, aina ya Chinook, na wanamtafuta kwa sauti, anapiga mlio anasikiliza mwangwi unaorudi, sasa propela ikinguruma pale karibu mwangwi unamezwa, samoni anapita hivi hivi. Na samoni wenyewe washapungua.

Mama Zuhura: Mimi kinachoniuma ni wale majike, watafiti wamewabandika vifaa vya kurekodi mgongoni wakaona boti zikisogea jike anaacha kabisa kuwinda. Na ndiye mwenye kunyonyesha jamani! 2018 mmoja anaitwa Tahlequah alibeba maiti ya mwanawe siku 17, nililia.

Mtoto wa Bahari: Duh. Hakuna kinachofanyika?

Fundi Injini: Kipo. Tangu 2017 meli zinaombwa zipunguze spidi zikipita Haro Strait, ule mlango wa bahari kati ya Kanada na Marekani, ni hiari lakini nyingi zinakubali, na spidi ikishuka kelele inashuka palepale. Upande wa Marekani, jimbo la Washington, tangu 2025 boti lazima zikae yadi 1,000 (kama mita 900) mbali nao. Ingekuwa mimi hata ile hiari ningeifanya sheria.