Kurusha nikaha laivu kwa simu: picha inaganda, sauti inakwaruza

mtoto_wa_chumbageni:
Habari zenu wakuu. Jumamosi baada ya alasiri kuna nikaha msikitini, Tanga mjini. Ndugu wako London na Dubai, nao wanataka kufuatilia laivu YouTube. Vifaa: simu moja ya Android, stendi, na waya unaotoka kwenye miksa (mashine ya kuchanganya sauti za maikrofoni) ya msikiti kuingia tundu la hedifoni. Kwenye majaribio ya 1080p (ubora wa juu wa picha) picha inaganda baada ya dakika chache na sauti inakwaruza. Walii wa bibi harusi yuko Dubai na atahitaji kusikika pale msikitini. Nianzie wapi?

fundi_mawimbi:
Anza na kasi ya kupakia. Wengi wakipima huangalia namba ya kupakua, wakiona 30 Mbps wanaridhika, kumbe laivu inatoka kwenye simu kwenda juu. Pima ukiwa msikitini penyewe, saa ileile ya shughuli, mara kadhaa, kisha uchukue namba ya chini kabisa. Kasi ya biti ya video, yaani data inayotumwa kila sekunde, isizidi nusu yake. Ukipata 5 Mbps, rusha 720p, fremu (picha) 30 kwa sekunde, 2,500 kbps, fremu kuu (keyframe, picha kamili) kila sekunde 2. 1080p achana nayo. Bibi wa London anamtazama bwana harusi kwenye kioo cha simu.

Kuganda kunatokana na hivi: data ikipotea njiani lazima itumwe upya, foleni inarefuka, mwishowe programu inatupa fremu. Na siku yenyewe waalikwa wote watakuwa na simu kwenye mnara uleule. Tumia programu inayopunguza kasi ya biti yenyewe mtandao ukilegea, kama Larix Broadcaster, na uwe na ruta ndogo yenye laini ya mtandao mwingine, iwekwe dirishani. Simu iweke hali ya ndege kisha uwashe Wi-Fi, hapo simu za kawaida haziingii na kukata matangazo.

Bando: 2,500 kbps ni kama GB 1.1 kwa saa. Shughuli ya muda wa saa tatu, nunua GB 5.

Jambo moja la haraka: ruhusa ya kurusha laivu kwa mara ya kwanza inaweza kuchukua hadi saa 24, na kurusha kwa programu ya YouTube yenyewe ya simu kunataka chaneli yenye wafuatiliaji wasiopungua 50. Ithibitishe chaneli kwa namba ya simu leo hii.

sauti_safi:
Mkwaruzo huo hautokani na mtandao. Miksa inatoa sauti ya kiwango cha laini (line, sauti yenye nguvu), na tundu la simu linatarajia sauti ya maikrofoni, ambayo ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali. Inaingia kubwa mno, inapasuka, na kuipunguza baadaye hakuitengenezi. Tafuta kadi ya sauti ya USB yenye ingizo la laini, iunge kwa waya wa OTG (wa kuunga vifaa vya USB kwenye simu), uchukue sauti kwenye tundu la miksa la kutolea sauti ya kurekodia. Mshale wa kipimo cha sauti kwenye programu ucheze karibu na -12 dB khatibu anapopaza sauti.

Ukisikia mngurumo, chomoa chaja, tumia pawabenki. Kava la simu litoe pia, maana ikipata joto inapunguza nguvu na fremu zinaanza kuruka.

kilindini_tv:
Walii msimpitishe kwenye laivu. YouTube inachelewa sekunde kadhaa, mara nyingine zaidi ya 20. Imamu atauliza na jibu litakuja watu wameshaanza kutazamana. Afunguliwe mkutano wa video kwenye simu ya pili, sauti yake iingizwe kwenye miksa. WhatsApp msiitegemee, kupiga simu kwa WhatsApp kumezuiwa Falme za Kiarabu, aliko walii. Zoom ya bure hukatika dakika ya 40, basi mpigieni wakati wa kuoza unapokaribia. Upande wa sheria ya uwakilishi, kadhi aulizwe mapema.

mtoto_wa_chumbageni:
Shukrani sana wakuu. Kiungo nikiweke cha faragha?

kilindini_tv:
Cha faragha kinataka barua pepe ya kila mtazamaji, wazee hawataweza. Weka "haijaorodheshwa", ila ujue yeyote aliyetumiwa kiungo anaingia, na makundi ya familia hayakai na kitu. Kwa hiyo rusha ya msikitini tu. Ukumbi wa akina mama kamera isifike kabisa: wamejipamba wakijua wako wenyewe. Na ukizima, badilisha video iwe ya faragha usiku uleule, kabla haijapakuliwa.