Mjadala: Wanakijiji wa Sumurgeneng walikosea kuuza mashamba yao?

Mkulima wa Mbozi: Wakuu, salaam. Mtaikumbuka ile video ya Februari 2021, malori yanaingia kijijini yamebeba magari mapya na watu wamejipanga barabarani kuyapiga picha. Kijiji ni Sumurgeneng, wilaya ya Tuban, pwani ya kaskazini ya Java Mashariki huko Indonesia, wakulima wa mahindi na pilipili. Pertamina, kampuni ya mafuta ya serikali ya kule, na Rosneft ya Urusi walitaka eneo la kujenga kiwanda cha kusafishia mafuta. Fidia ikalipwa, magari 176 yakanunuliwa. Mkuu wa kijiji alisema kila kaya ilipata wastani wa rupia bilioni 8, zaidi ya dola nusu milioni. Haukupita mwaka, Januari 2022, baadhi yao wakaandamana kudai kazi, na wengine wakasema wanauza ng'ombe ili wale. Je, walikosea kuuza? Mimi nasema walikosea. Hela inaisha, shamba halirudi.

Mwana wa Mto: Unasema "kuuza" kana kwamba lilikuwa soko huru. Wengi walikataa mwanzoni. Sheria yao Na. 2 ya 2012 inasema ukigomea fidia, pesa inawekwa mahakamani na ardhi inachukuliwa. Sasa hapo mkulima ana hiari gani? Tazama Wadas, Java ya Kati, walikokataa machimbo ya mawe ya kujengea bwawa la Bener. Februari 2022 polisi waliingia kijijini na kukamata watu zaidi ya 60.

Ngosha: Hiari ya kununua gari walikuwa nayo, hakuna polisi aliyewashikia mkono. Na tuseme ukweli, hela ikiingia nyumbani mama watoto ndiye anayeanza kuhesabu majirani wana nini. Mwanamume peke yake angenunua shamba jingine.

Semeni Mswahili: Kabla hatujaenda mbali, naomba tuwaangalie wasiokuwa na shamba. Java ina watu zaidi ya 1,000 kwa kilomita ya mraba. Mwenye chini ya nusu hekta wanamwita *gurem*, yaani utitiri wa kuku, na hapo angalau ana kipande. Kuna wanaolima shamba la mwenzao kwa kugawana nusu kwa nusu, wanaita *maro*. Kuna vibarua wa siku. Kuna akina mama wavunaji wanaolipwa sehemu ya walichovuna, wanaita *bawon*. Shamba likiuzwa mwenye hati anapata mabilioni, kibarua anapata nini?

Bi Mkunde: Ngosha, futa hayo maneno. Umeyatoa wapi? Kwenye vijiji vya Java mwanamke ndiye anayeshika mfuko wa nyumba. Sokoni ni yeye, wa kuamua mbegu inunuliwe lini ni yeye. Mume anakabidhi hela kwa mkewe, halafu anaomba ya sigara. Ukiona magari 176, usianze kumtafuta mke.

Ngosha: Dada, sijatukana mtu. Nimesema ninachokiona hata huku kwetu.

Bi Mkunde: Unachokiona huku kwetu usikipeleke Tuban. Kule binti anarithi shamba kama kaka yake. Mzee akifa, watoto wanakaa, wanagawana sawa kwa sawa. Ndiyo maana vipande vimekuwa vidogo vile.

Ustadh wa Vikokotoni: Dada yangu, hapo tusubiri kidogo. Hao ni Waislamu. Qurani katika Suratun-Nisaa iko wazi, fungu la mwanamume ni sawa na mafungu ya wanawake wawili. Huwezi kuwasifu watu kwa kuiacha hukumu.

Mtoro wa Yogya: Nimesoma Yogyakarta, hukohuko Java, miaka minne, naomba niseme. Yote mawili yapo. Kuna desturi ya kugawa sawa, na kuna wanaofuata msemo wao *sepikul segendongan*. Mwanamume hubeba kwa mti begani, mzigo mbele na mzigo nyuma. Mwanamke hubeba mgongoni kwa kitambaa, mzigo mmoja. Basi yeye mafungu mawili, dada yake moja. Sijawahi kuona sheria iliyoelezwa kwa mwili wa mtu namna hiyo, nikaielewa siku hiyohiyo.

Bi Mkunde: Na hao wanaobeba mgongoni ndio wanaoshinda wameinama kwenye maji wakipandikiza mpunga. Nao wapewe nusu?

Ustadh wa Vikokotoni: Suala si jasho. Mwanamume ana wajibu wa kumlisha mke na watoto, na mali ya mwanamke ni yake peke yake, haulizwi. Usilichukue fungu ukaacha wajibu.

Bi Mkunde: Shehe, nakuheshimu, lakini hili limenigusa mwilini. Sisi tulizaliwa watoto watano Pemba, mikarafuu ya marehemu baba ikagawanywa kama usemavyo. Kaka zangu wakauza yao mwaka uleule. Mama aliugua miaka sita. Aliyemlisha na kumpeleka hospitali ni mimi, kwa mafungu yangu ya nusu. Huo wajibu ulikwenda wapi?

Ngosha: Pole sana dada. Hapo sina la kusema.

Ustadh wa Vikokotoni: Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Kaka zako wamekosa na wataulizwa. Hukumu haikukosa.

Mkulima wa Mbozi: Jamani, uzi ulikuwa wa fidia.

Mwana wa Mto: Bado ni wa fidia, mkuu. Kama shamba ni la mke, hundi inaandikwa jina la nani? Nasikia kule kuna kitu kinaitwa *gono-gini*, mali ya ndoa, mke ana nusu ya kila kitu. Basi na yale magari nusu ni ya akina mama.

Mtoro wa Yogya: Hapana, si kila kitu. Sheria ya ndoa ya 1974 inasema kilichochumwa ndani ya ndoa ni cha wote wawili, lakini ulichorithi kinabaki chako. Shamba la urithi wa mke ni la mke, mume hana sauti. La urithi wa mume ni la mume. Na mashamba mengi ya kijijini ni ya urithi.

Mwana wa Mto: Sawa, nimekosea hapo.

Semeni Mswahili: Narudia swali langu la vibarua. Hao hawana urithi wala gono-gini. Kiwanda chenyewe vita vya Ukraine vilikikuta bado hakijajengwa, kwa hiyo hata ajira walizoahidiwa hazikuwapo. Mwenye gari anaweza kuliuza. Mama wa bawon atauza nini?

Ngosha: Swali zuri. Ila nimuulize kwanza Ustadh: hao wanaogawa sawa, mahakama yao ya Kiislamu inawaachaje?

Mtoro wa Yogya: Nijibu mimi. Wana mkusanyo wao wa sheria za Kiislamu, ulitoka 1991. Kifungu cha 176 kinaweka mbili kwa moja, kama alivyosema Ustadh. Kifungu cha 183 kinaruhusu warithi wapatane kugawa vingine, ilimradi kila mmoja ameshajua fungu lake.

Ustadh wa Vikokotoni: Hilo halina tatizo. Mtu akishajua haki yake akamwachia dada yake kwa ridhaa, ana thawabu. Ningependa wengi wafanye hivyo, na nasema kwa dhati.

Bi Mkunde: Ahsante shehe. Kaka zangu hawakuniuliza hata hilo la kupatana.

Mtoro wa Yogya: Ndiyo maana wazee wengi kule hawasubiri kufa. Wanagawa wangali hai, kwa hiba, yaani zawadi. Kipande cha juu cha Fulani, cha karibu na kisima cha Fulani, nyumba anabaki nayo mtoto anayewatunza, mara nyingi binti.

Bi Mkunde: Mzazi akishafariki, kaka hawezi kuja akasema hiba haihesabiki, tugawane upya?

Mtoro wa Yogya: Anaweza kuja. Kifungu cha 211 kinasema hiba ya mzazi kwa mtoto inaweza kuhesabiwa kama urithi. Kwa hiyo wanapimiana: ulishapewa hiki, mwenzako alipewa kile. Huko ndiko kesi zinakoanzia.

Semeni Mswahili: Na kibarua?