Naomba mwongozo: PhD ya uuguzi, nianzie wapi?

Mkunga_wa_Zamu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi mkunga katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Tanzania. Nina shahada ya uzamili ya ukunga na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai. Nataka kufika hadi udaktari wa uuguzi, nije kufundisha chuo kikuu. Nimeona tangazo la chuo kimoja cha Marekani, wanatoa DNP (udaktari wa uuguzi wa vitendo) kwa mtandao, miaka miwili tu. Kazini wananiambia udaktari ni udaktari, changamkia. Ila ada yake ukiigeuza shilingi unaweza kuzimia. Vigezo hasa ni vipi, na hapa nyumbani inakuwaje?

Kibatari
Nesi akiwa dokta, dokta tumwite nani sasa? 😂

MamaTasnifu
Kibatari, pisha watu wazungumze.

Mdogo wangu, hilo tangazo liache kwanza. DNP na PhD ziko ngazi moja lakini kazi zake mbalimbali. DNP ni ya Kimarekani. Umoja wa vyuo vya uuguzi wa kule, AACN, uliipigia debe mwaka 2004 kwa ajili ya wauguzi wabobezi wanaobaki kwenye huduma. Inadai saa zisizopungua 1,000 za vitendo chini ya usimamizi, zikihesabiwa tangu baada ya shahada ya kwanza, na mwisho unafanya mradi wa kuboresha huduma. Vyuo vingi vinataka pia leseni ya huko, yaani ukafanye mtihani wao wa NCLEX. Kinachokwenda kwa mtandao ni vipindi. Saa za wodini hazifanywi kwenye simu.

PhD ni utafiti: unaibua jambo jipya, unaandika tasnifu, unaitetea mbele ya watahini. Wewe umesema unataka kufundisha, basi njia yako ni hiyo. Na shahada yoyote ya nje itapitia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ili itambuliwe hapa. Waulize kabla hujalipa.

Upanga_Usiku
Mimi niko ndani ya safari hiyo hapa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Kwa mfumo wetu PhD ni ngazi ya 10, unaingilia na uzamili wa ngazi ya 9. Vyeti, matokeo na barua za wadhamini havimsumbui mtu. Wengi wanakwama kwenye andiko la utafiti na msimamizi. Profesa hupokea barua za "nina nia ya dhati ya kusoma" kila siku, na hazijibu. Mpelekee swali la utafiti.

Kisha kibali cha maadili ya utafiti. Hapo jiandae kurudishiwa andiko usahihishe, uambiwe fomu ya ridhaa ya mgonjwa haieleweki, usahihishe tena. Miaka mitatu ni ya kwenye karatasi. Ukisoma huku unapangiwa zamu za usiku, ongeza. Ruhusa ya mwajiri ishughulikie mapema, tena kwa maandishi.

Eldoret_Moja
Huku Kenya kuna sharti jingine: kabla ya kuhitimu PhD lazima uwe umechapisha makala mbili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu. Kwa hiyo anza kuandika mapema, uzamili wako lazima una makala moja ndani yake. Kuhusu pesa, tafuta CARTA. Wanafadhili PhD za afya, ila ni kwa watumishi wa vyuo na taasisi wanachama.

Mkunga_wa_Zamu
Asanteni sana, DNP naiweka kando. Sasa hilo swali. Nilifikiria "ubora wa huduma kwa mama anayejifungua".

MamaTasnifu
Hiyo ni wizara nzima, si swali. Kuna nini wodini kwenu kinachokukera?

Mkunga_wa_Zamu
Patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu. Mama anajifungua, mtoto analia, ndipo mtu anakaa chini kuijaza yote kwa mkupuo, mistari imenyooka kama ya rula. Kila mtu anajua.

Upanga_Usiku
Umeshapata pa kuanzia. Ila kwamba inajazwa baadaye kumeandikwa sana, usirudie. Mwaka 2020 WHO walitoa mwongozo mpya wa ufuatiliaji wa uchungu, hatua ya uchungu kukolea inaanzia mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 5 badala ya 4. Fomu imebadilika, je, mazoea yamebadilika? Mkunga mmoja mwenye kina mama watano anaamua vipi kipi aandike na kipi aache? Hapo kuna PhD.

Kibatari
Aisee. Shemeji yenu alijifungua mwaka jana, kumbe ile karatasi…

Mkunga_wa_Zamu
😅 Naandika barua usiku huu. Nianze na "Heshima yako Profesa, nina nia ya dhati…"?

MamaTasnifu
Heshima iache, nia ya dhati ifute. Sentensi ya kwanza iwe hao kina mama watano na mkunga mmoja. Barua isizidi ukurasa, na andiko fupi liambatanishwe. Wiki mbili zikipita kimya, mkumbushe mara moja, kisha mwandikie mwingine.