Madevelopa wetu, hivi mnajua kibodi ina kitufe kinaitwa Tab?

Wakuu, salaam. Mods, naomba msiuhamishie uzi huu kule kwenye "msaada wa kompyuta", maana kompyuta yangu ni nzima. Wagonjwa ni watengeneza tovuti.

Kisa chenyewe ni hiki. Wiki tatu zilizopita nilidondoka na bodaboda, nikatanguliza mikono. Sasa hivi vifundo vyote viwili vya mikono vimefungwa P.O.P., ile plasta ngumu, vidole tu ndivyo vimebaki nje. Kuchapa naweza, taratibu, kama kuku anayedonoa mtama. Kipanya siwezi kukisukuma. Tachipedi ndiyo balaa zaidi: kidole kinagusa, P.O.P. inakwaruza pembeni, mshale unaruka kama panzi hadi kona ya skrini. Kwa hiyo nimehamia kwenye kibodi mazima. Tab kwenda mbele, Shift na Tab kurudi nyuma, Enter kufungua, spesi kuweka tiki. Miaka yote nilijua hivyo vitufe vipo. Nilichokuwa sijui ni jinsi watu walivyoviua.

Juzi saa tatu usiku nikakaa kujaza maombi ya kazi kwenye tovuti moja, siitaji. Dirisha la maombi linafungwa saa sita kamili. Nikasema masaa matatu ni mengi, hata kwa kudonoa.

Tab ya kwanza, nembo. Ya pili, "Nyumbani". Ya tatu, "Kuhusu sisi". Nimebonyeza mara arobaini na moja, nahesabu, ndipo nikafika kisanduku cha jina. Wenye huruma huweka kiungo kimoja mwanzoni kabisa cha kuruka menyu yote, Tab moja na Enter umefika kwenye fomu. Hapa hakuna. Na hata kuhesabu kwenyewe ni kwa kubahatisha, maana kuna mtu ameandika `outline: none` kwenye CSS, ile lugha ya kupamba kurasa, ule mstari unaozunguka kitu ulichopo ukafutika ukurasa mzima. Nadhani bosi wake alisema unaharibu muonekano. Tochi yangu pekee ilikuwa yale maandishi madogo ya anwani yanayotokea chini kushoto mwa kivinjari ukiwa juu ya kiungo. Ukitoka kwenye viungo ukaingia kwenye fomu, tochi inazimika.

Halafu tarehe ya kuzaliwa. Huruhusiwi kuandika, lazima kalenda. Kalenda ikafunguka, na ukishaingia humo Tab inazunguka ndani kwa ndani, Esc haikutoi. Huna ila kuchagua tarehe. Sawa. Nimezaliwa 1986. Kalenda inaanzia mwezi huu tulio nao na inarudi nyuma mwezi mmoja mmoja, kila mwezi Enter moja. Pigeni hesabu wenyewe: zaidi ya Enter mia nne na hamsini, kwa ncha ya kidole, usiku, na mkono unauma. Nilipitiliza nikaingia 1985, ikabidi nirudi. Hapo ndipo nilipotukana kwa mara ya kwanza.

Chini ya skrini limekaa bango la vidakuzi (cookies), "tunathamini faragha yako", pana kama kitanda. Kila kisanduku ninachofikia sehemu ya chini kinajificha nyuma yake. Nachapa nisichokiona.

Saa sita kasoro dakika ishirini nimefika mwisho. Kitufe kikubwa cha kijani: TUMA MAOMBI. Nakiona kwa macho yangu. Nabonyeza Tab, inakipita, inaenda kwenye viungo vya chini. Narudi, inakipita tena. Kumbe si kitufe, ni `div`, yaani boksi tupu, iliyopakwa rangi, inasikia kipanya tu. Nikakumbuka Windows ina Mouse Keys: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, unaendesha mshale kwa zile namba za kulia. Laptopu yangu haina namba za kulia.

Nikamwamsha mwanangu, yuko darasa la tano. Akaja anafikicha macho, akagusa tachipedi mara moja. "Baba, hicho tu?" Skrini ikajibu: muda wako umekwisha, tafadhali ingia upya.

Hapo nikatukana kwa mara ya pili, na mtoto anasikia.

Kesho yake nikaenda kwa mdogo wangu, ambaye kazi yake ndiyo hii, na anatumia Mac. Nikamsimulia. Akafungua tovuti ileile kwenye Safari, kivinjari cha Mac, akabonyeza Tab, ikaruka menyu yote moja kwa moja hadi kisanduku cha jina. "Bro, si unaona, mbona ipo fresh?" Wakuu, nilitaka kumpiga na P.O.P. Safari ikitoka kiwandani Tab yake inagusa visanduku vya kuandikia na orodha za kuchagua, viungo inaviruka. Ili uvifikie unashika Option pamoja na Tab, au uingie mipangilio ya Safari, sehemu ya Advanced, uweke tiki ya kuifanya Tab iguse kila kitu. Na kwenye mfumo wenyewe wa Mac, upande wa kibodi, kuna swichi ya Keyboard navigation. Ikiwa imezimwa, hata kitufe halali kinarukwa. Firefox kwenye Mac kwa miaka mingi ilikuwa ikifuata swichi hiyohiyo. Chrome inapita kwenye viungo vyote bila kuuliza. Kompyuta moja, kitufe kimoja, majibu tofauti.

Sasa mnaelewa ugonjwa unakotoka? Mtu anajenga akiwa kwenye Mac, anajaribu Tab, `div` yake inarukwa, lakini na kitufe halali kinarukwa vilevile, basi hawezi kuona tofauti. Anafunga kazi, analipwa. Sisi wa Windows na Linux ndio tunaotumbukia shimoni.

Na wale wanaoweka njia za mkato kwa `accesskey` halafu wanaandika "bonyeza Alt na S": hiyo ni Chrome ya Windows. Firefox inataka Alt na Shift. Mac inataka Control na Option, ambazo ndizo vitufe vya VoiceOver, kisomaji cha skrini cha hao hao Mac. Afadhali msiweke kabisa.

Mimi P.O.P. itatoka. Nina rafiki haoni tangu utotoni, anatumia NVDA, kile kisomaji cha skrini cha bure alichokianzisha Michael Curran huko Australia mwaka 2006, kisha rafiki yake James Teh akajiunga naye, wote wawili hawaoni. Yeye anabonyeza H kuruka vichwa vya habari, B kuruka vitufe. Nilipomweleza kuhusu kile cha kijani akacheka. "Nikibonyeza B hicho hakimo." Yeye maombi kama hayo huwa anajaziwa na binamu yake, na nywila zake zote binamu anazo. Mtu mzima, ana shahada, hana siri.

Msiniambie ni mambo mapya. Mwongozo wa WCAG 2.0, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, ulitoka 2008 na ulishasema kila kitu kifanyike kwa kibodi, mtu asinaswe, na aone alipo. La bango kufunika ulipo limeongezwa kwenye 2.2, Oktoba 2023. Tanzania iliridhia mkataba wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, ibara ya 9 inaitaja intaneti kwa jina, na 2010 tukatunga sheria yetu. Dawa yenyewe ni kuandika `button` pale ulipoandika `div`. Kama mstari wa kuzunguka unakukera unapobofya kwa kipanya, tumia `:focus-visible` kwenye CSS, mstari utaonekana kwa anayetumia kibodi, hata Safari inaielewa tangu 2022.

Niliwaandikia watu wa msaada wa ile tovuti. Wamejibu leo asubuhi: "Ndugu mteja, tunashauri utumie kipanya."

Kwa hiyo mwenye kumjua aliyejenga ile kalenda aje PM. Na atakayekomenti "nunua mouse", namblock, kwa Tab na Enter.